Usingizi wa Wanaojifunza Kutibu

Kijana wa Kiswere anayetaka kuwa daktari hana budi kuhama. Ghuba ile iliyo kati ya Kilwa Masoko na mji wa Lindi ina mikoko, minazi na wavuvi wake, lakini shahada ya udaktari haisomwi popote mkoani. Lindi mjini kuna chuo cha maafisa tabibu na hospitali ya rufaa ya mkoa, Sokoine. Kilwa Kivinje ipo hospitali ya wilaya, Kinyonga. Anayetaka kwenda mbele ya hapo anapanda basi: Muhimbili au Kairuki jijini Dar es Salaam, Ifakara, Dodoma, Mbeya, KCMC kule Moshi, Bugando kule Mwanza. Udaktari utamchukua miaka 5, na juu yake mwaka 1 wa utarajali. Shahada ya uuguzi au ya famasi ni miaka 4 darasani na wodini. Katika miaka hiyo usingizi ndio utakaoanza kupunguzwa, kwa sababu ndio kitu pekee anachoweza kukipunguza bila kumwomba mtu ruhusa.

Jambo hili limezoeleka mno. Mwanafunzi wa afya anayekesha husifiwa kwa juhudi, na anayelala usiku kucha huulizwa kama kweli yuko makini na kozi yake. Wakubwa wakilalamika, hulalamikia simu na starehe. Mimi nashikilia kwamba sifa ile ni ya hatari na lawama hii inapotosha: chanzo kikubwa cha usingizi mbovu wa wanafunzi hawa kiko kwenye ratiba na kwenye vitanda, na gharama yake inafika hadi kwa mgonjwa aliyeko mwisho wa barabara, Kiswere ikiwemo.

Tuanze na vipimo. Watafiti wengi hutumia dodoso lililotungwa mjini Pittsburgh, Marekani, na Daniel Buysse na wenzake mwaka 1989. Lina maswali 19 kuhusu mwezi uliopita: mtu alipanda kitandani muda gani, alikaa dakika ngapi kabla ya kupitiwa na usingizi, nini kilimwamsha, je alimeza dawa ili alale, je alisinzia mchana akiwa kwenye shughuli. Majibu hupangwa katika mafungu 7 na kujumlishwa kuwa alama kati ya 0 na 21. Anayezidi 5 huhesabiwa kuwa na usingizi mbovu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 57 na wanafunzi wa udaktari zaidi ya 25,000 wa nchi nyingi, ulikuta asilimia 52.7 wamevuka mstari huo. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, katika utafiti wa mwaka 2021 ulioangalia usingizi pamoja na uchovu wa masomo, walipata karibu 7 kati ya kila wanafunzi 10 wa udaktari. Ethiopia, katika vyuo vikuu vya Gondar na Haramaya, utafiti wa mwaka 2012 wa wanafunzi wa kozi mbalimbali ulipata asilimia 55.8.

Namba ya Nairobi ndiyo inayonifikirisha zaidi. Sisi watu wa pwani tukisikia mtu halali, wa kwanza kutajwa ni joto na mbu, na si uzushi. Ili usingizi ukolee, mwili hupunguza joto lake la ndani kwa karibu nyuzi 1, na hilo halifanyiki kwa urahisi Februari ya Dar es Salaam, mwezi ambao hata usiku kipimajoto hakishuki sana. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, uliotumia bangili za kupimia usingizi katika nchi 68, ulionyesha kwamba usiku wenye joto la kupita nyuzi 30 hupunguza usingizi kwa dakika 14 hivi, na wakazi wa nchi maskini huumia zaidi. Mbu nao hawana mjadala: malaria bado iko nyumbani Lindi na Mtwara, chandarua ni lazima, na chandarua hicho hicho huzuia ule upepo mdogo unaoingia dirishani.

Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake watu hujifunika blanketi. Gondar iko juu zaidi. Tafiti za mahali tofauti haziwezi kulinganishwa alama kwa alama, ila zinatosha kutuonyesha kwamba joto halibebi mzigo wote. Ukimtoa mwanafunzi wa udaktari Upanga, Dar es Salaam, ukampeleka kwenye ubaridi wa Nairobi, bado hatalala vizuri. Kinachofanana katika miji hiyo miwili ni mtaala.

Na dodoso lenyewe lisipokelewe bila kuulizwa. Linamwuliza mtu kama aliamshwa na joto, baridi, kikohozi, maumivu, ndoto mbaya au haja ya kwenda msalani. Mbu, umeme uliokatika na feni ikasimama, muziki wa baa ya jirani, mtu wa pili kwenye godoro la mtu mmoja: hayo yote yanaingizwa kwenye nafasi moja ya "sababu nyingine". Kwa mwanafunzi wa Tanzania, sababu nyingine ndizo sababu zenyewe. Vitanda vya hosteli za vyuo ni vichache kuliko wanafunzi, hivyo aliyepata chumba humchukua rafiki aliyekosa, na mambo hayo yana jina lake la kila siku: kubebana. Wawili hulala mzungu wa nne, mmoja akigeuka mwingine anaamka. Asiyebebwa hupanga geto mbali, ambako kodi ni nafuu, na saa zake mbili za alfajiri zinaishia kituoni akigombea daladala. Muhimbili ina kampasi Upanga na Mloganzila, na kati yake kuna Barabara ya Morogoro pamoja na foleni yake. Hizo ni saa za usingizi zilizogeuzwa nauli. Mshauri anayemwambia kijana huyu atafute chumba tulivu chenye giza na ubaridi anampa ushauri sahihi ambao hana mahali pa kuuweka.

Nirudi kwenye mtaala, maana hapo ndipo penye mambo mengi. Kozi za afya zina mzigo wa kukariri ambao kozi nyingi nyingine hazina: anatomia, fiziolojia, biokemia, kisha dawa na vipimo vyake. Kwa mtoto wa shule ya msingi ya pwani ya Kilwa mzigo huo unaongezeka kwa sababu ambayo hutajwa mara chache inapozungumzwa habari ya usingizi. Miaka 7 ya kwanza alisoma kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza akakutana na Kiingereza cha mwalimu ambaye naye mara nyingi alikuwa akikitafuta. Sasa amefika chuoni, kitabu kiko kwa Kiingereza kilichojaa Kilatini na Kigiriki, na kila ukurasa anausoma mara mbili: kwanza apate maana ya sentensi, kisha apate jambo lenyewe. Mwenzake aliyesoma shule za Kiingereza tangu utotoni hufunga kitabu saa tano usiku. Yeye bado yuko katikati ya sura. Uwezo wao wa akili unaweza kuwa sawa kabisa. Kinachotofautiana ni muda, na muda huo unatoka usiku.

Juu ya mzigo kuna hofu. Mtihani ukimwangusha anachukua sapu, yaani mtihani wa marudio; sapu zikizidi anarudia mwaka au anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na akirudia mwaka mkopo wa Bodi ya Mikopo unaingia mashakani. Kijana aliyechangiwa nauli kwa mauzo ya ufuta wa baba na dagaa wa mjomba hawezi kuichukulia hofu hiyo kwa wepesi. Basi wiki za mitihani hukesha. Miaka hii kuna na Ramadhani: mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, mwaka 2026 katikati ya Februari, na hicho ndicho kipindi ambacho vyuo vingi huwa vimefika mwishoni mwa muhula wa kwanza. Tarawehe, kujisomea, daku, kisha kipindi cha asubuhi. Sisemi ibada ipunguzwe. Mtu wa pwani hawezi kusema hivyo na mimi sitaki kusema. Nasema mpanga ratiba anayejua tarehe hizo mwaka mzima kabla angeweza kuzizingatia.

Kuna na umri. Saa ya ndani ya mwili hubadilika kadiri mtu anavyokua. Mtafiti Till Roenneberg na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba tabia ya kuchelewa kulala hupanda tangu ujanani na kufika kileleni karibu na miaka 20, kisha hurudi nyuma taratibu. Maana yake mwanafunzi wa mwaka wa pili anapotakiwa kuwa darasani saa moja na nusu asubuhi, mwili wake bado uko katika usiku wake. Akizidisha kahawa au enaji jioni anausogeza usiku huo mbele zaidi, kwa kuwa nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini saa 5 hivi baada ya kunywewa.

Simu inastahili kutajwa, lakini kwa haki. Ni kweli kwamba mwanga wa kioo karibu na macho huchelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Ni kweli pia kwamba kuna vijana wanaoperuzi hadi usiku wa manane bila kusoma kitu. Hata hivyo desa zote za mwanafunzi wa leo zimo kwenye simu hiyo: slaidi za mhadhara, kitabu alichorushiwa na mwenzake kwa sababu cha maktabani kimeazimwa, kundi la WhatsApp linalotangaza kwamba kipindi cha kesho kimehamishwa. Ukimwambia aizime saa tatu usiku, umemwambia afunge maktaba. Ushauri huo ungekuwa na uzito kama maktaba ingekuwa wazi, yenye nakala za kutosha na meza za kukaa.

Hapa niwataje Wahadza, Watanzania wenzetu wa Ziwa Eyasi, kwa kuwa wao wametumika kufundisha dunia nzima kuhusu usingizi. Mwaka 2015 Gandhi Yetish na wenzake walichapisha vipimo vya usingizi vya Wahadza, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii zinazoishi bila umeme. Wengi tungetarajia walale usingizi wa pono. Wastani wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, na walilala saa zaidi ya tatu baada ya jua kuzama. Miaka miwili baadaye David Samson na wenzake walifuatilia watu wazima 33 wa Kihadza kwa siku 20, wakakuta kwamba dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu katika kipindi chote hicho. Kila mara kulikuwa na mtu macho. Yaani hata kule hakuna usiku mtimilifu wa saa nane. Walichokuwa nacho ni mpangilio: hewa ikipoa wanalala, na kabla ya jua kupanda wanaamka, leo kama jana.

Pwani ya Kiswere nayo ina watu wasiolala usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao siku za giza, mwezi ukiwa haupo, na hulipa usingizi huo mchana. Kazi yao ni ngumu na inachosha, nisiipambe. Ila zamu zao zinafuata mwezi, zinajulikana kabla, na familia nzima inajua kwamba mtu aliyerudi baharini alfajiri hasumbuliwi. Mwanafunzi wa uuguzi anayetoka zamu ya usiku hana ulinzi huo. Anarudi hosteli saa mbili asubuhi, wenzake wa chumbani wanaamka, mabati yanaanza kuwaka jua, na si ajabu saa nane mchana akawa na mtihani mdogo. Kesho yake ratiba inamrudisha mchana. Mwili hauwezi kuhama usiku na mchana kwa kasi hiyo, hata wa kijana.

Je, hasara yake ni nini hasa? Kwanza ni elimu yenyewe anayoikeshea. Mwaka 1924 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach, waliwapa wanafunzi orodha za silabi zisizo na maana wazikariri, kisha wakati mwingine walale na wakati mwingine wakae macho kwa saa zilezile. Baada ya usingizi walisahau machache kuliko walipokaa macho. Karne moja ya tafiti zilizofuata imezidi kuthibitisha kwamba ubongo hupanga na kuimarisha kumbukumbu usingizini. Mwaka 2019 watafiti wa MIT waliwavisha vipimo wanafunzi 100 wa somo la kemia kwa muhula mzima. Usingizi wa usiku mmoja wa kuamkia mtihani haukuonyesha uhusiano na alama. Kilichohusiana ni usingizi wa majuma yote ambayo somo lilikuwa likifundishwa: urefu wake, ubora wake, na kutobadilikabadilika kwake vilieleza karibu robo ya tofauti ya alama. Matokeo haya yangebandikwa kwenye mlango wa kila hosteli. Anayekesha muhula mzima kisha akalala vizuri usiku mmoja kabla ya mtihani hajajiokoa.

Pili, na hili ndilo linalonitia hofu, mtu aliyezoea kulala kidogo hajijui. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na David Dinges walichapisha jaribio la watu wazima 48. Waliowekewa saa 6 au pungufu kila usiku kwa siku 14 walishuka katika vipimo vya umakini hadi kufanana na mtu aliyekesha hata usiku mbili mfululizo. Walipoulizwa, walijiona wana usingizi kidogo tu. Sasa mfikirie mwanafunzi wa mwaka wa nne anayesema amezoea, saa tano zinamtosha. Anasema kweli jinsi anavyojisikia. Kipimo kingesema lingine, na wodini anayepimwa naye ni mgonjwa.

Marekani walilijua hilo kwa msiba. Libby Zion, msichana wa miaka 18, alifariki katika hospitali moja ya New York mwaka 1984 akiwa chini ya madaktari wanagenzi waliokuwa kwenye zamu ndefu. Baba yake hakunyamaza, na mwaka 1989 jimbo hilo liliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki na saa 24 mfululizo. Mwaka 2004 Christopher Landrigan na wenzake walionyesha kwamba katika vyumba vya wagonjwa mahututi, madaktari wa mwaka wa kwanza waliofuata ratiba ya zamani ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi ya walipofuata ratiba iliyopunguzwa. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba uwezekano wao wa kupata ajali ya gari wakitoka zamu ndefu ulikuwa zaidi ya mara mbili. Haki inataka niseme pia kwamba majaribio makubwa ya baadaye hukohuko, yaliyoruhusu zamu ndefu tena ndani ya kikomo kilekile cha saa 80, hayakukuta vifo vya wagonjwa vikiongezeka. Nayasoma hivi: urefu wa zamu moja si kila kitu, jumla ya saa na nafasi ya kulala kati yake ni muhimu zaidi, na makabidhiano mabaya kati ya zamu nayo huumiza. Hoja ya kupumzika inabaki palepale.

Kwetu uhaba wa watumishi unaifanya hoja hiyo ionekane kama anasa. Usiku, katika hospitali nyingi, daktari tarajali ndiye nguzo ya wodi. Ukimpa usingizi, nani atabaki? Swali hili ni zito na sitaki kulikwepa. Lakini tulitazame kutoka upande wa Kiswere. Mhitimu anayepangiwa kituo cha pwani ya Kilwa anakuta watumishi wachache. Mama mwenye uchungu hachagui saa, mtoto mwenye degedege hachagui saa, na mlango wa nyumba ya mtumishi hugongwa usiku wowote. Hana daktari bingwa wa kumsahihisha asubuhi kwenye raundi. Kukokotoa dozi ya sindano ya malaria kali kwa uzito wa mtoto, kutambua kwamba damu inayotoka baada ya kujifungua imepita kiasi, kuamua kwamba huyu apelekwe Kinyonga au Sokoine sasa hivi na si kesho: haya ndiyo maamuzi ambayo akili yenye uchovu huyakosea kwanza. Mahali penye watumishi wachache ndipo kosa la mmoja halina wa kulidaka. Uhaba, kwa maoni yangu, unaongeza thamani ya usingizi wa yule mmoja aliyepo.

Na huyo mmoja ameshajifunza nini kuhusu usingizi? Chuoni alijifunza kwamba kulala ni udhaifu. Akija mgonjwa wa shinikizo la damu anayelalamika kwamba hapati hata lepe la usingizi, humpa dawa na kumwambia apunguze mawazo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kuchukua historia ya usingizi kama anavyochukua historia ya homa. Wazee wa pwani waliohifadhi kailula, ule usingizi mfupi wa adhuhuri, wana maarifa ambayo wodi zetu zingeweza kuyatumia kwa watu wa zamu ya usiku, badala ya kumwona muuguzi aliyefumba macho robo saa kuwa mvivu.

Vitanda vya hosteli vinahitaji bajeti, na bajeti itachukua miaka. Vivyo hivyo lugha ya kufundishia, ambayo mjadala wake ni mrefu kuliko makala hii. Ratiba ni jambo jingine. Chuo kinaweza kuamua kwamba mwanafunzi aliyetoka zamu ya usiku hana kipindi wala mtihani siku ile; kwamba zamu za usiku zipangwe kwa mfululizo na zitangazwe mwezi mmoja kabla; kwamba mitihani midogo isirundikwe katika wiki moja na idara tano zisizowasiliana; kwamba maktaba iwe wazi hadi saa nne usiku kisha ifungwe, ili usiku uwe na mwisho; kwamba wodi ya kufundishia iwe na chumba chenye kitanda na chandarua kwa aliye zamu. Dodoso la Pittsburgh, likiongezewa maswali kuhusu mbu, umeme na kubebana, linaweza kujazwa kila mwanzo na mwisho wa muhula, na matokeo yake yakapelekwa kwenye kikao cha seneti pamoja na matokeo ya mitihani. Hayo yanaweza kuanza muhula ujao, kabla kundi jingine la vijana wa Kilwa halijapanda basi.